Shaba haiivishi sauti: dhana potofu kuhusu myuti za tarumbeta

"Mwalimu, nataka sauti iliyoiva kwenye okestra. Ninunue myuti ya shaba, sivyo?" Swali hili nimeulizwa na wanafunzi wanaoanza, na wapigaji waliozeekea kwenye safu ya tarumbeta, na wazazi wanaotafuta zawadi. Myuti ni kile kifaa kinachochomekwa kwenye mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta kubadilisha sauti yake, na kwa sauti iliyoiva wanamaanisha sauti nene na tulivu. Nikieleza, wanakubali kwa kichwa, kisha wanakwenda kununua shaba. Baada ya muda wanarudi na myuti inayong'aa na sauti ileile nyembamba ya puani, na sasa wanataka kujua shaba ya kampuni gani ndiyo bora. Nimechoka kulijibu nusunusu. Nalijibu lote hapa, na mengine yanayofuatana nalo.

Dhana: Shaba huivisha sauti, alumini huifanya kali

Ukweli ni kwamba aina ya metali ni jambo la mwisho la kuangalia, na wengi wanalifanya la kwanza.

Anza na kazi ya myuti nyofu yenyewe, ile ya kawaida yenye umbo la koni. Ukishaichomeka, huzuia sehemu ya chini ya sauti na kuiachia ya juu ipite. Kwenye tarumbeta mpaka huo uko takribani hezi 1800 (mitetemo 1800 kwa sekunde): sehemu kubwa ya sauti iliyo chini ya hapo hubaki ndani, iliyo juu hutoka. Na unene wote tunaoutamani uko hukohuko chini. Kwa hiyo myuti nyofu yoyote, hata ingefuliwa kwa dhahabu, huanza kwa kukunyang'anya kile unachokitafuta. Kinachobaki kuulizwa ni unene kiasi gani utaachwa upenye, na ukali wa juu utapunguzwa na nini.

Unene hupenya kwenye mwanya ulioko kati ya myuti na ukuta wa mdomo wa tarumbeta. Upana wa mwanya huo huamuliwa na vile vipande vitatu vya koki (gome laini kama la kizibo cha chupa) vilivyogundishwa ubavuni mwa myuti. Hapa ndipo sauti yako ilipo! Koki za myuti mpya mara nyingi huja nene makusudi, ili mwenye tarumbeta azipige msasa mpaka zikae sawa kwenye chombo chake. Wapo wasiozigusa kabisa, myuti ikawa inaning'inia nje na kuanguka katikati ya onyesho. Wapo wanaozisugua mpaka zikaisha kwa sababu wanaogopa kuiangusha. Hawa wa pili ndio hasa wanaokuja kwangu kulalamikia alumini. Myuti imezama ndani, mwanya umezibika, pumzi inagoma, noti za chini haziitiki, na kinachotoka ni mlio mwembamba wa kubanwa pua. Mtu huyo akinunua shaba na kuzisugua koki zake vilevile, atapata mlio uleule kwa pesa nyingi zaidi.

Kanuni yangu ni hii, na siibadilishi: koki zibaki nene kadiri myuti inavyoweza kushika bila kuanguka, wala zisipungue zaidi ya hapo. Tumia msasa laini, sugua kidogo, jaribu, sugua tena. Vipande vyote vitatu vipungue kwa usawa, la sivyo myuti itakaa upande na mwanya utakuwa mpana huku na finyu kule. Kabla ya kuichomeka, ipulizie koki pumzi yenye unyevu, pulizia pia mdomo wa tarumbeta, kisha iingize kwa kuizungusha kidogo. Itashika vizuri bila kusukumwa kwa nguvu. Na kama umekwisha kuzimaliza koki za myuti uliyo nayo, bandika mpya kabla hujafikiria kununua myuti nyingine. Ni kazi ya gundi na subira tu, na wengi wataikuta sauti waliyokuwa wakiitafuta dukani.

Baada ya koki, tazama umbo na ukubwa wa myuti yenyewe, kisha ukuta wake. Hapo sasa malighafi ina la kusema, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Tofauti kubwa haiko kati ya metali na metali, iko kati ya metali na faiba (nyuzinyuzi zilizoshindiliwa). Kuta za faiba, kadibodi iliyokandamizwa au mbao hunyonya sehemu ya ukali wa juu ambao ukuta mgumu wa metali huurudisha. Ndiyo maana myuti za faiba, kama zile nyekundu na nyeupe za kampuni ya Humes & Berg, huwa na sauti tulivu, na hata ukipiga kwa nguvu hazichomi sana masikio. Metali nayo ina faida yake: ukipiga pianissimo (kwa sauti ndogo sana), noti hutokea mara moja na husikika mpaka kiti cha nyuma kabisa. Mpigaji wa okestra anahitaji zote mbili kwenye begi lake. Anayetafuta sauti iliyoiva aanzie kwenye faiba, asianzie kwenye shaba.

Je, shaba haina tofauti yoyote? Sisemi hivyo. Kampuni za Jo-Ral na Tom Crown zinauza myuti za alumini tupu na nyingine zenye kitako cha shaba, na wapigaji wengi wenye masikio mazuri wanazipenda za shaba kwa uzito wa sauti yake. Lakini tazama jinsi wanavyozilinganisha. Moja ina koki za kiwandani, nyingine imeshasuguliwa miaka mitatu. Uzito si ule ule, tena huenda moja ina kitako kilicholegea. Hapo mtu hajalinganisha metali mbili, amelinganisha mambo manne kwa wakati mmoja, kisha sifa zote akaipa rangi. Ukizisawazisha koki kwanza, tofauti iliyokuwa ikionekana kama mlima hubaki ndogo sana.

Halafu kuna kosa lililo chini ya makosa haya yote: unachagua ukiwa umesimama nyuma ya tarumbeta. Hamoniki za juu (zile sauti za juu zilizomo ndani ya kila noti) hutoka kwa mstari mbele ya mdomo wa tarumbeta, na zile za chini ndizo zinazosambaa kuzunguka mpaka kukufikia wewe. Unachosikia kiko mbali na anachosikia aliyeketi ukumbini. Myuti iliyokupendeza kwa ulaini inaweza kuwa haifiki hata kwenye safu ya viola, na ile uliyoidhania kali ikawa, mita ishirini mbele, ndiyo yenye sauti nene na safi. Kwa hiyo usinunue myuti kwa kujaribu peke yako kwenye chumba kidogo. Mtafute mwenzako mwenye sikio, akae mwisho wa ukumbi akiwa amekupa mgongo asione unashika nini. Piga kifungu kilekile kwa kila myuti, kwanza pianissimo, kisha fortissimo (kwa sauti kubwa sana). Shuka mpaka noti za chini kabisa, maana huko ndiko myuti nyingi huyumba na kutetemeka, na wauzaji hawakuambii. Mwenzako aandike namba tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimeona watu wenye msimamo mkali juu ya shaba wakichaguliwa faiba na rafiki yao wenyewe, na wakabaki kimya.

Dhana: Con sordino ("kwa myuti") maana yake piga kwa sauti ndogo

Hapana. Mtunzi akitaka upige kwa sauti ndogo ana alama za kutosha za kukuambia hivyo. Myuti hubadilisha rangi ya sauti, na upungufu wa nguvu ni matokeo yake tu. Ndiyo maana kuna con sordino iliyoandikwa juu ya fortissimo, na hapo mtunzi anataka ule mkwaruzo wa metali uliobanwa.

Tena si kila mahali panapotaka sauti iliyoiva. Katika kipande cha okestra "Fêtes" cha Debussy, tarumbeta tatu zenye myuti zinaleta msafara unaokuja kutoka mbali sana. Pale ulaini na unene ndio roho ya kifungu, na tarumbeta zote tatu zinapaswa kuwa na myuti za aina moja, koki za kimo kimoja. Lakini nenda kwenye "Samuel Goldenberg na Schmuÿle," katika okestra ambayo Ravel aliipangia kazi ya Mussorgsky, "Pictures at an Exhibition," mwaka 1922. Tarumbeta ile yenye myuti, inayomwigiza Schmuÿle kwa noti za haraka zinazojirudia, inatakiwa iwe nyembamba na ya kulalamika. Ukipeleka pale myuti yako laini ya faiba, umemnyima msikilizaji mhusika mzima. Soma noti, sikiliza kinachotokea kwenye okestra nzima, kisha ndipo ufungue begi.

Dhana: Myuti ya kikombe ni myuti nyofu iliyoiva

Hii inatoka kwa wale waliochoka kutafuta. Ni kweli kikombe (myuti yenye bakuli kama kikombe mwishoni) hukata ukali wa juu na kuacha sehemu ya katikati, na ni kweli sauti yake ni laini. Lakini okestra ikiandikiwa con sordino, au kwa Kijerumani Mit Dämpfer, au kwa Kifaransa avec sourdine, bila neno zaidi, inayotakiwa ni nyofu. Kikombe ni rangi nyingine kabisa, na watunzi wanaoitaka huitaja. Ukiitumia kwa siri katika Debussy, mwenzako wa kiti cha pili anabaki na nyofu na safu inavunjika vipande viwili. Kiongozi wa okestra akiiomba mwenyewe, sawa, mpe, ila wote mbadilishe pamoja.

Dhana: Myuti nzuri haigusi tuni

Kila myuti hugusa tuni, yaani kimo cha sauti. Nyofu kwa kawaida huipandisha, na hilo si jipya: toccata (kipande cha ufunguzi) inayofungua opera ya L'Orfeo ya Monteverdi, ya mwaka 1607, ina maelekezo kwamba tarumbeta zikipigwa zikiwa na myuti, wengine wapige toni nzima juu zaidi, kwa sababu myuti za enzi hizo zilipandisha tarumbeta kwa kiasi hicho. Za leo hupandisha kidogo tu, na kuvuta nje milimita chache slaidi kuu ya kutuni (bomba linalosogezwa kurekebisha tuni) hutosha. Kaa na kipima tuni, piga kila noti ya skeli ukiwa na myuti, na uandike zinazokimbia. Ukisugua koki au kubandika mpya, rudia zoezi zima, maana myuti imehama mahali pake.

Na tafadhali, msiweke myuti kisha mkaanza kubana midomo ili kuishusha sauti. Hapo ndipo ule unene mdogo uliobaki unapopotea.

Dhana: Myuti moja yatosha kwa tarumbeta zote

Mdomo wa tarumbeta ya C haukunjuki sawa na wa B bemoli (aina mbili zilizotuniwa kwa noti tofauti), na wa tarumbeta za Kijerumani za rotari (zenye vali za kuzunguka) hutanuka kwa namna yake. Myuti iliyokaa vizuri kwenye moja inaweza kuzama au kuning'inia kwenye nyingine. Pikolo, ile tarumbeta ndogo, ndiyo kabisa, inahitaji myuti ndogo ya kwake. Kama unabadilisha vyombo ndani ya onyesho moja, kila chombo kiwe na myuti yake iliyosuguliwa kwa ajili yake, na uitie alama usije ukaichanganya gizani.

Dhana: Kitambaa ndani ya mdomo wa tarumbeta hufanya kazi ileile

Hakifanyi. Kitambaa kilichosokomezwa huziba pumzi, huvuruga tuni, na huua mwitikio wa noti hasa pale unapouhitaji, kwenye pianissimo. Kufunika kwa nje ni habari nyingine. Katika sehemu ya pili ya Konsato ya F, ya mwaka 1925, Gershwin aliomba mwenyewe tarumbeta ya solo ipigwe ikiwa imefunikwa kofia ya manyoya yaliyoshindiliwa, na matokeo yake ni sauti nene yenye giza ambayo myuti nyofu haiwezi kuitoa. Mtunzi akiandika hivyo, tafuta kofia ya kitambaa hicho. Asipoandika, acha kofia nyumbani.

Dhana: Myuti ya mazoezi itakusaidia kujenga sauti ya okestra

Imetengenezwa ili majirani walale. Inabana pumzi kwa nguvu, inaficha makosa ya mwanzo wa noti, na anayeishi nayo wiki nzima huja kwenye mazoezi ya okestra akisukuma hewa kana kwamba bado ameizibia. Itumie usiku ukilazimika, kisha kesho yake, kabla hujagusa myuti nyofu, piga noti ndefu bila kitu chochote mdomoni mwa tarumbeta mpaka pumzi ifunguke. Vifungu vya con sordino vifanyie mazoezi kwa myuti ileile utakayoingia nayo ukumbini, ikiwa na koki zilezile.