"Inasimama dakika mbili tu!"

Juzi, Ngamiani hapa Tanga, hata chai sijaikoroga, mzee mmoja kanishika mkono: "Mwanangu, nyie wapima reli, SGR ikifika huku kwetu kwa nini isisimame na Pongwe? Dakika mbili tu!" Hizo dakika mbili nimeshazisikia Muheza, Korogwe, hadi harusini. Leo nimalizane nazo.

Dhana: kusimama ni dakika mbili.

Dakika mbili ni za mlango kuwa wazi. Treni ya kilomita 160 kwa saa, kasi ya SGR ya Dar es Salaam–Dodoma, haikamati breki kama Noah ya stendi. Breki isiyomwaga chai ya abiria huanza kama kilomita mbili kabla ya stesheni, na kuirudia kasi ile kunakula umbali zaidi. Jumlisha: kila kituo ni kama dakika nne. Tanga–Moshi kwa reli ni takriban kilomita 350. Kwa 160 mfululizo ni saa mbili na dakika kumi hivi. Sasa weka Pongwe, Ngomeni, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya na wenzao wafike 12. Umeongeza dakika 48.

Na hujamaliza. Kwenye njia moja treni hupishana stesheni, kwa hiyo ya Tanga ikichelewa, ya Moshi inakaa kuisubiri, na iliyo nyuma yake nayo inachelewa.

Wajapani walilipatia jibu tangu 1964 walipofungua Shinkansen, reli yao ya kasi, ya Tokyo–Osaka: treni ya Kodama husimama kila stesheni, inajibanza pembeni, ile ya haraka, Hikari, inapita. Pongwe nayo ipate treni, sikatai, ila si hiyo ya haraka. Ndiyo maana kila mkutano narudia, na watu wananiona mkaidi: andika ratiba kwanza, ndipo uchore reli. Njia ya kupishania huwekwa pale ratiba inapozikutanisha treni, si pale diwani mwenye sauti kubwa anapotoka.

Dhana: tuta la reli ya Mjerumani lipo, lazeni reli juu yake.

Lilianza kujengwa hapa Tanga 1893, kwa reli ya upana wa mita moja. SGR ni milimita 1,435. Upana si kitu, tatizo ni kona. Ukizidisha kasi mara mbili, nusu kipenyo cha kona kinatakiwa kiwe mara nne. Kwa 160 unataka zaidi ya kilomita moja. Tuta lile litatufaa kwenye vipande vilivyonyooka, basi.

Dhana: kama ni kasi, iwe 300.

Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 40. Kwa 160 ni dakika 15, kwa 300 ni nane, tena kwenye karatasi tu. Hizo saba ulizookoa utazimaliza stesheni ukibishana na bajaji.

Dhana: stesheni ikiwa nje ya mji, mradi umekufa.

Unakufa kama daladala ya mwisho inaondoka saa tatu usiku na treni inaingia saa nne. Ziandikwe kwenye ratiba moja.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanilipia chai, kisha akauliza: "Haya, hiyo yetu ya Pongwe itapita saa ngapi?"