Usighairi safari ya Mombasa kwa sababu ya picha ya wingu

Alhamisi usiku, saa tatu na nusu hivi, mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Nairobi. "Shikamoo, mama mdogo. Simu yangu inaonyesha wingu na radi siku saba mfululizo. Tughairi?" Walikuwa wameshalipia siku nne katika hoteli ya Bamburi, ufukweni Mombasa, yeye, mumewe na watoto wawili, waingie Jumamosi. Tulikuwa katikati ya Mei. Nilimuuliza mambo mawili: utabiri unasemaje kuhusu upepo, na mwezi umefika wapi? Akanyamaza. La mvua sikumuuliza.

Nimefanya kazi ya utabiri wa hali ya hewa ya bahari kwa miaka 19, na simu kama hiyo naipokea kila masika. Wengi huahirisha raha yao bila sababu. Wachache huja siku ambazo bahari haitaki mtu. Hao wachache ndio wanaonikosesha usingizi.

Tuanze na hicho kiwingu. Programu ya simu hulazimika kuipa siku nzima picha moja, na mara nyingi huchagua picha ya hali mbaya kuliko zote zinazotarajiwa siku hiyo. Ngurumo moja ikitarajiwa saa kumi alfajiri, wewe utaonyeshwa radi kutwa. Na ile asilimia 70 haina maana kwamba mvua itakula asilimia 70 ya siku yako. Maana yake ni kuwa katika siku kumi zenye dalili kama hizo, saba hupata mvua mahali hapo, hata kama ni ya dakika ishirini. Mimi utabiri wa siku tatu nauamini, wa siku tano nauangalia, na kuanzia siku ya saba najua nasoma tabia ya msimu tu.

Tabia yenyewe ni hii: Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, lakini mvua za kusi, yaani za majira ya upepo wa kusini, mara nyingi hutoka baharini usiku na alfajiri, zikapiga mabati kwa kishindo, na kufikia saa nne jua limeshatoka. Ndiyo maana utabiri wa pwani miezi hii hurudia maneno yale yale, mvua asubuhi na vipindi vya jua alasiri. Zipo siku inanyesha kutwa kucha na barabara za mjini zinajaa maji. Hizo huja na onyo la mvua kubwa kutoka Idara ya Hali ya Hewa, na onyo hilo lisome, hasa kama unakuja kwa gari.

Sasa upepo. Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili na kuwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo mvua imeshapungua na mgeni anadhani hali imetengenea. Mbingu ni buluu na bahari imechafuka. Nikiona onyo la upepo unaozidi maili 25 za bahari kwa saa, yaani kama kilomita 46, pamoja na mawimbi ya zaidi ya mita mbili, hapo namwambia mtu asogeze safari hata kama hakuna wingu hata moja angani. Ukifika ufukweni asubuhi na kukuta ngalawa zote zimevutwa juu hadi chini ya minazi, na wavuvi wamekaa wanashona nyavu, umeshapata utabiri wako.

La mwezi ndilo ambalo wageni wa bara hawaambiwi na mtu, na kwangu ndilo zito. Mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya utulivu ambayo watoto huogelea. Utulivu huo unatoka kwenye mwamba. Maji yakipwa, yaani yakirudi baharini, mawimbi ya bahari kuu huvunjika pale pale juu ya matumbawe, na ukisimama ufukweni utaona mstari mweupe wa povu kwa mbali na kusikia mvumo wake, huku miguuni mwako maji hayatikisiki. Maji yakijaa, mwamba unazama na mawimbi yanapita juu yake.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hukaribia mita nne. Na kwa bahari yetu, bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Hebu liunganishe hilo na kusi: saa kumi alasiri upepo umepata nguvu ya mchana, maji yamejaa, mwamba umezama. Saa hiyo ndiyo watoto wameamka usingizi wa mchana na wanataka bahari. Nimesimama Bamburi saa kama hiyo, mwezi wa Julai, nikaona mashua ya matembezi ikipakia watoto sita, jaketi za kuokolea zikiwa mbili tu. Niliwaendea wazazi nikawaomba wawashushe. Baba mmoja alikasirika, kwa kuwa alikuwa ameshalipa. Waliwashusha. Mpaka leo nikiikumbuka mashua ile moyo unaniruka.

Maji yanapoanza kutoka, hupitia kwenye milango ya mwamba, yaani mianya yake, na mkondo wake humchukua hata mwogeleaji hodari. Usiogelee karibu na mlango maji yakipwa. Ukisikia ngurumo, toka majini na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na mvua kubwa ikishanyesha, kaa mbali na midomo ya mitaro na ya hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, kwa siku moja au mbili, maana uchafu wote wa mji huishia hapo. Mwani unaorundikana ufukweni wakati wa kusi unanuka, lakini haudhuru.

Kuna neno kimbunga pia, ambalo siku hizi hutisha watu. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kujenga kimbunga. Kusini yetu kidogo hali ni nyingine: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872 na mikarafuu ikang'olewa, na kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kimbunga kikiwa Tanzania, sisi hupata pindo lake, yaani upepo na mawimbi. Hapo usibishane na onyo.

Nirudi kwa yule mtoto wa dada yangu. Mwezi ulikuwa unaandama Ijumaa, na onyo la upepo mkali lilikuwa la kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Nikamwambia asighairi, apige simu hotelini aombe kusogezewa tarehe kwa siku sita. Mei ni mwezi wa wageni wachache na hoteli nyingi husikia ombi kama hilo kuliko la kurudishiwa pesa. Walikubali, akaongeza kidogo tu kwenye nauli.

Waliingia Ijumaa iliyofuata, mwezi ukiwa umefika nusu. Yalikuwa maji mafu, yale ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na siku hizo hujaa karibu saa nne asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka. Jumamosi ilinyesha kuanzia saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi. Saa nne nilikuwa nao Bamburi. Mchanga ulikuwa bado na vishimo vya matone, mwani umelala kwa mstari mweusi, na yule mdogo alikuwa amekaa kwenye maji ya kiunoni, anauliza ule mvumo wa mbali ni wa nini. Nikamnyoshea kidole kwenye povu.