Kujijeruhi si chale, si kujiua, wala si kutafuta kiki

Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati moja hapa Tabora, binti wa kidato cha pili alikunja mkono wa sweta ili achomwe sindano. Ulikuwa mwezi wa kumi, na anayeujua mji huu kabla ya mvua atajiuliza sweta ilikuwa ya nini. Muuguzi akaona mistari imepangana mkononi. Akauliza kwa nia njema kabisa, "Hizi chale ulichanjwa kwa mganga gani?" Binti akajibu, "Bibi ndiye aliyenipeleka." Yakaishia hapo. Bibi huyo ni jirani yangu, na hakuwahi kumpeleka popote.

Simlaumu muuguzi. Unyamwezini swali lile ni la kawaida, maana wengi wetu tuna bibi au babu mwenye chale. Ila chale huchanjwa na mtu mwingine, ndugu wakijua, dawa ikipakwa, kwa sababu inayotajika: kinga, ugonjwa, uchungu wa mgongo. Mwenye nazo haoni haya kuzionyesha. Kujijeruhi ni mtu kuuumiza mwili wake mwenyewe kwa makusudi, bila kukusudia kufa, mara nyingi kwa siri, ili apambane na maumivu yaliyo ndani yake. Lugha yetu imeuweka uzito wote kwenye silabi moja, "ji". Mtendaji na mtendwa ni yuleyule, na hakuna shahidi. Armando Favazza, daktari wa akili wa Marekani, alilishughulikia kwa kirefu jambo hili mwaka 1987: alama ambazo jamii imezipa maana aliziweka upande mmoja, na majeraha ya mtu aliyeelemewa upande mwingine.

Jambo lenyewe ni la kale. Torati iliwakataza Waisraeli kujichanja kwa ajili ya wafu, na katazo haliwekwi mahali ambapo hakuna anayefanya. Injili ya Marko inamtaja mtu wa makaburini aliyekuwa akijikatakata kwa mawe usiku na mchana. Mwaka 1349, tauni ilipokuwa ikiua watu Ulaya, makundi ya waumini yalizunguka miji yakijichapa mijeledi hadharani kama toba, mpaka Papa Clement wa Sita akayapiga marufuku. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya watoto wa simu amechelewa kwa karne nyingi. Kilicho kipya ni jina la kitabibu. Mwaka 1938 Karl Menninger, naye wa Marekani, alipendekeza kwamba anayejijeruhi huenda anajaribu kuyaokoa maisha yake, kwa kutoa sehemu ili nzima ibaki. Mwaka 2013 mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili ukaweka kujijeruhi bila nia ya kufa miongoni mwa hali zinazohitaji utafiti zaidi.

Sasa, kwa nini mtu ajiumize ili apate nafuu? Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Wapo ambao hasira, hofu au aibu huwapanda mpaka zikakosa pa kutokea, kama bani, lile banda la kukaushia tumbaku, lililozibwa matundu. Maumivu ya mwili huuvuta ubongo upande mmoja kwa muda mfupi, na kelele ya ndani ikapungua. Wengine hali yao ni kinyume: wamekufa ganzi baada ya msiba au kunajisiwa, na wanataka wahisi chochote. Wengine wanajiadhibu, kwa kuwa tangu utotoni wameambiwa hawafai. Nafuu hiyo haidumu. Ikiondoka inaacha aibu, aibu inazaa siri, siri inaongeza mzigo uleule ulioanzisha mambo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 14, na wavulana wamo, ingawa wao wakigonga ukuta kwa ngumi tunasema tu wana hasira.

Je, anatafuta kiki? Mtu anayevaa sweta kwenye jua la Oktoba hatafuti kuonwa. Na hata angekuwa anatafuta, mtoto asiyepata namna nyingine ya kusema "nimezidiwa" anahitaji kusikilizwa, si kuchekwa.

Kwamba si kujiua kusitufanye tulale usingizi. Anayejijeruhi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kujiua kuliko mwenzake asiyejijeruhi, kwa hiyo ni sawa kabisa kumuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ugumu wa kwetu ni kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kujijeruhi bila nia ya kufa si jaribio hilo, lakini nani ataeleza tofauti akiwa mapokezi na kidonda kinavuja? Familia inaona heri idanganye kwamba bati limemkata. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

Tiba ipo. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni tiba inayomfundisha mtu kuyastahimili mawimbi ya hisia bila kujidhuru. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alijijeruhi akiwa binti, akalazwa hospitali ya akili. Kwetu, mlango wa kuanzia ni hospitali ya mkoa, Kitete, au simu ya watoto 116, ambayo haina malipo. Maombi yaendelee kwa anayeamini, ila yasimfungie mtoto njia ya daktari.

Bibi alijua kwa bahati, siku ya kufua. Hakupiga yowe, wala hakumwapisha kwamba hatarudia. Alileta maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, akaosha alama zile polepole, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi sijakupeleka kwa mganga. Nieleze nani kakuumiza moyo." Binti alinyamaza mpaka adhana ya magharibi. Halafu akaanza na habari za baba wa kambo.