Utelezi ndani ya dumu si uchafu tu

Tia kidole ndani ya dumu la maji lililokaa, iwe Likoni au Kisauni, utagusa utelezi. Wengi husema ni vumbi la kisima limeganda, lisuuzwe kidogo yaishe. Sivyo. Ute ule una bakteria hai, na wameujenga wenyewe.

Wala hawanati popote maji yanapowatupa. Ndani ya seli mna molekuli ndogo ya kupeleka habari, sikliki-di-GMP, iliyogunduliwa 1987 na kundi la Moshe Benziman huko Israeli. Vimeng'enya fulani huiunda kutokana na molekuli mbili za GTP, kemikali ya kawaida ndani ya seli; vingine huivunja. Ikipungua, bakteria huogelea kwa mkia wake, yaani flajela. Ikizidi, hutulia, hushika ukuta na kutoa ute. Katika bakteria E. coli, protini iitwayo YcgR ikishaibeba molekuli hiyo hujibandika kwenye mota ya flajela na kuifunga breki. Kwangu mimi hili ni ajabu kubwa: kiumbe asiye na ubongo, lakini ana breki!

Kipindupindu nacho humo humo. Majini, bakteria wake, Vibrio cholerae, hujikusanya ndani ya ute. Akifika utumboni, kiwango cha molekuli ile hushuka na sumu huanza kutengenezwa.

Ute huo huwakinga na klorini pia, kwa hiyo kumimina dawa juu yake hakutoshi. Tia kokoto ndogo na maji ya sabuni, tikisa dumu kwa nguvu hadi ute ubanduke ukutani, mwaga, suuza, ndipo utie dawa.