3,628,800 ni namba gani hii?

Juzi baada ya magharibi tulikuwa barazani Mji Mkongwe, watu tisa na vikombe vya kahawa, akaja mzee mmoja akamsogeza kijana maana ile sehemu ya karibu na mlango ni yake miaka yote, basi ikazuka hoja: watu kumi kwenye baraza moja wanaweza kupangana kwa njia ngapi tofauti? Mmoja akasema mia. Mwengine akajitutumua, elfu. Jibu ni 3,628,800 na wallahi hawakuniamini mpaka nikatoa simu nikapiga kalkuleta mbele yao.

Hesabu yenyewe nyepesi tu. Sehemu ya mwanzo anaweza kukaa yeyote katika kumi, ya pili wamebaki tisa, ya tatu wanane, hivyo hivyo mpaka yule wa mwisho hana hiari tena, anakaa palipobaki. Unazidisha 10 × 9 × 8 mpaka ufike 1. Hii ndo faktoria ya kumi, inaandikwa 10! na hiyo alama ya mshangao haishangai chochote, aliileta Christian Kramp mwaka 1808.

Sasa ukijua ilivyoundwa huna haja ya kuhangaika kugawa. Inagawika kwa 1 mpaka 10 zote, lazima, si zimo ndani? Na kwa nini mwisho ina sifuri mbili, si tatu? Sifuri inatoka pale 2 inapokutana na 5, na hizo 2 zimejaa tele lakini 5 zimo mbili tu, moja ni 5 yenyewe moja imejificha kwenye 10. Ukiivunja mpaka namba tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe, unapata 2 mara nane, 3 mara nne, 5 mara mbili na 7 moja, na hiyo 7 iliyokosa mwenziwe ndo inaifanya isiwe namba ya mraba. Vigawo vyake vyote 270.

Mie kilichonifurahisha zaidi ni hichi: sekunde 3,628,800 ni wiki sita kamili, haizidi haipungui. Yaani tukibadilishana nafasi kila sekunde bila kulala tunamaliza siku ya 42. Kila dakika je? Siku 2,520, karibu miaka saba, kahawa ishapoa zamani. Na 2,520 nayo ina lake, ndo namba ndogo kabisa inayogawika kwa 1 mpaka 10 zote.

Haya ongeza moja tu, 3,628,801. Hapo kuanzia 2 mpaka 10 kila moja inabakisha 1, ukadhani labda ni tasa, kumbe inagawika kwa 11, unapata 329,891 bila baki. Si bahati, ni kanuni ya Wilson, mwanahisabati Lagrange aliithibitisha 1771: chukua namba tasa, tafuta faktoria ya iliyo nyuma yake, ongeza moja, lazima igawike kwa ile tasa. Kwa 5, 4! ni 24, unapata 25. Kwa 6 ambayo si tasa, 5! ni 120, unapata 121, haigawiki kwa 6 ng'o.

Mzee akauliza, na akija mtu wa kumi na moja? Nikamwambia njia 39,916,800. Akasema basi asije.