Mwili kwanza, maneno yatafuata: zoezi la Michael Chekhov

Juzi kwenye mazoezi ya igizo hapa Dodoma kijana wangu mmoja alikuwa na laini moja tu, "Mama, mi naondoka", anaisema kama konda anaita abiria, tumerudia weee hamna kitu. Nikamwambia weka skripti chini, huyu mtu anataka nini? Akasema anataka kuondoka ila anatamani mama amzuie. Haya nionyeshe kwa mwili mzima, usiongee. Akapiga hatua moja kubwa kwenda mlangoni, mkono mmoja umebaki nyuma, vidole vimetanuka kama vinatafuta kanga ya kushika. Karudia mara nne kwa nguvu zote, nikamwambia sasa simama wima, mikono chini, ile ishara ibaki ndani tu, sema. Jamani! Binti aliyekuwa mama alisahau hadi zamu yake ya kujibu.

Hiyo ndo ishara ya kisaikolojia, na ni ya Michael Chekhov, Mrusi, kazaliwa St. Petersburg 1891, yule mwandishi Anton Chekhov ni baba yake mdogo. Alipikwa na Stanislavski, yule mwalimu mkubwa wa uigizaji, kule Moscow ila akaona kuvaa uhusika kunahitaji ubunifu wa akilini kuliko kufukua machungu yako mwenyewe. 1928 akaondoka Urusi moja kwa moja, akapita Berlin, Paris, Latvia, Lithuania, 1936 akafungua studio Dartington Uingereza, vita ilipokaribia wakahamia Ridgefield, Marekani, akamalizia Hollywood mpaka kifo chake 1955. Watu humkumbuka kwa kumfundisha Marilyn Monroe na kuteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Spellbound, sawa, ila mi kinachonigusa ni lugha. Mtu ana miaka 37, staa kwao, anapanda steji chini ya muongozaji Max Reinhardt kuigiza kwa Kijerumani, baadae anafundisha kwa Kiingereza! Naamini zoezi lake lilivuka mipaka yote hiyo kwa sababu linaanzia kabla ya neno.

Na ndo maana linatufaa sana huku, vijana wangu nyumbani ni Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, wakishika skripti ya Kiswahili sanifu wanakakamaa shingo, ila mtoto aliyekua anawaangalia mama zake wakipiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, imebanwa mapajani, huyo mwili wake unajua kusema tayari.

Kosa ninaloliona sana ni muigizaji kuipeleka ile ishara mbele ya watazamaji, hapana, ni ya mazoezini, jukwaani inabaki kwenye pumzi na macho. Jumamosi ni zamu ya yule binti, ishara ya mama bado hatujaipata, kajaribu kusukuma, kajaribu kukumbatia, zote bado zinamtoka za uongo.