Je, wajua? Upepo ukiisha, lori hujifunga breki lenyewe

Lori la korosho likianguka kwenye mteremko wa Newala, watu waliokusanyika husema: "Upepo umeisha, breki zimefeli." Nimekulia Masasi, na jibu hilo niliamini kwa miaka mingi. Niliona breki ya upepo ni kama filimbi, pumzi ikikosekana hakuna mlio.

Kumbe ni kinyume. Magurudumu ya nyuma ya lori kubwa lenye breki za upepo huwa na springi nzito, na springi hizo muda wote zinataka kufunga breki. Upepo wa kwenye mtungi ndio unaozizuia. Chukua mlango wa duka wenye springi: unabaki wazi kwa sababu umeushika, ukiondoa mkono unajifunga. Upepo ndio mkono. Ndiyo maana dereva anayewasha lori alfajiri pale Mingoyo husubiri mtungi ujae kwanza, na ule mlio wa "pshhh" akiegesha ni upepo unaoachiwa ili springi zifunge. Mpira wa upepo ukipasuka njiani, lori hung'ang'ania lami. Hilo nalo laweza kuleta ajali, hasa kwa anayefuata nyuma usiku, lakini si lile la kushuka bila kizuizi.

Kinachoua breki mteremkoni ni joto. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 200 likizuiwa kwa breki tu, joto linalozalishwa laweza kuchemsha lita 300 za maji, yaani pipa moja na nusu. Na tani 50, lori na mzigo wake pamoja, si uzito wa kuvunja sheria: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi 56, kutegemea idadi ya ekseli, vile vyuma vinavyobeba magurudumu. Joto hilo linaingia kwenye dramu chache za chuma, yaani zile ngoma zinazozunguka na gurudumu, ambazo breki huzibana kwa ndani. Mvuvi wa Mikindani aliyewahi kuachia kamba ya nanga ipite viganjani analijua jambo hili: akiibana muda mrefu, kiganja huungua na hakishiki tena. Breki nazo zikiungua huteleza. Tena dramu ikipata moto hutanuka, kama kifuniko cha bati kinavyolegea kwenye chupa ya asali ukikimwagia maji ya moto. Breki husukumwa nje kuifuata dramu, na dramu inazikimbia. Springi hazimwokoi dereva hapo, kwa sababu zinasukuma breki zilezile kwenye dramu ileile.

Dawa yake ni kushuka na gia nzito tangu juu, injini ishike mzigo. Anayeweka fri, yaani kutoa gia, ili kuokoa dizeli ameziachia breki kazi yote.

Jambo la ajabu ni kwamba dramu ikipoa hurudi ilivyokuwa. Fundi akilikagua lori kesho yake anaweza kukuta breki zinashika, akadhani dereva anadanganya. Nyufa ndogo na rangi ya samawati kwenye chuma huonyesha kuwa dramu iliungua, ila zenyewe haziwezi kusema kwamba iliungua siku ile.

Kisheria, kusema tu "breki zimefeli" si kinga. Dereva anaweza kushtakiwa kwa uendeshaji wa hatari, na mwajiri hudaiwa fidia kwa kosa alilolitenda dereva akiwa kazini. Katika kesi ya Henderson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1969, breki za lori zilikatika mteremkoni kwa sababu ya bomba lililoliwa na kutu sehemu isiyoonekana, na mtu akafa. Wenye lori walishindwa, kwa kuwa hawakuthibitisha kwamba walilitunza inavyostahili kwa kuzingatia kazi lililokuwa limepitia. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini sheria ya madhara, ile ya kudai fidia kwa kosa la mwingine, tunayoitumia ina asili hukohuko.

Kwa hiyo familia ya marehemu isiishie kuuliza kama upepo uliisha. Iulize breki zilirekebishwa lini na nani, tiketi ya mizani ilisoma tani ngapi, na lori lilianza kushuka likiwa kwenye gia gani.